Amplifaya Iliyopona Kila Ilipofika Mezani Kwangu

Vijana wangu mnaokuja hapa barazani na simu zilizokufa, nimewaambia mara nyingi kwamba nimestaafu. Macho hayaioni tena lehemu ndogo, na mkono wa kulia umeanza kuwa na mambo yake. Lakini mnaniachia hizo simu, mnaniachia na maswali, na moja mnalirudia sana: enzi zenu, fundi, bila intaneti, mlikuwa mnajuaje chombo kimeharibika wapi? Jibu fupi ni kwamba mara nyingi tulikuwa hatujui. Jibu refu ni hili, kaeni.

Kazi nilijifunzia Lindi mjini, kwenye kibanda cha fundi Selemani, mtu wa Pande kama mimi. Mama yangu alinikabidhi kwake akamwambia nisirudishwe nyumbani mpaka nijue kitu. Selemani alikulia kwenye redio za valvu. Alizipenda kwa sababu valvu inawaka kwa ndani, unaiona. Transista zilipoingia alizinunia kabisa.

"Valvu ikifa unaiona imezimika," alikuwa akisema. "Hiki kidude kinakufa kimekaa vilevile, kama mtu aliyesinzia katikati ya hotuba. Utamjuaje?"

Alijua, hata hivyo, na njia yake ndiyo niliyoitumia maisha yangu yote. Hakuanza kwa kufungua. Alianza kwa kuuliza: kilizimika saa ngapi, kilikuwa kimewekwa wapi, jua lilikuwa kali au kulikuwa na mvua, nani alikigusa mwisho. Wateja walichoka, wengine wakadhani anamtafuta mchawi. Akimaliza kuuliza, ananusa. Transista iliyoungua ina harufu yake, kapasita iliyovuja ina yake, na mkojo wa panya sina haja ya kuwaeleza. Baada ya pua ndipo alipochukua bisibisi.

Akishafungua, alianzia mwisho akirudi mwanzo. Spika kwanza: unaigusisha betri ya tochi, ikilia "tap" ni nzima. Kisha unarudi nyuma polepole kuelekea pale gita linapochomekwa, ukiingiza sauti kila unapopita. Sauti tuliitoa kwenye redio ya mkononi. Tulichukua waya wa kusikilizia sikioni, ncha moja tukaifunga kwenye shasi, lile bati linalobeba vitu vyote vya ndani, nyingine tukaitia kapasita ili umeme usirudi ukaiua redio yenyewe, halafu tukagusagusa nayo. Ukigusa na salamu za wasikilizaji zikatoka spikani, kuanzia hapo kwenda mbele hakuna kosa. Ukigusa pakawa kimya, ujue umefika nyumbani kwa mgonjwa.

Kulehemu nako kulikuwa na adabu zake. Chuma chetu kilikuwa cha shaba, tunakipasha kwenye jiko la mkaa kando ya chungu cha maharage. Ukikigusisha kitambaa kibichi kikatoa mlio mfupi, kiko tayari. Kikipiga kelele, kimezidi, subiri. Na mguu wa transista unaubana kwa koleo wakati unalehemu, ili joto liishie kwenye koleo lisifike ndani. Nyinyi mna vyuma vinavyojipima joto vyenyewe, hongereni, lakini koleo bado ni koleo.

Siku moja, nikiwa bado mgeni pale, nilifunga betri ya lori kwenye redio ya mteja, chanya mahali pa hasi. Moshi ulitoka mwembamba, mzuri tu kuutazama. Selemani hakunipiga. Alivuta kiti, akakaa, akaniambia nimweleze mteja mwenyewe, mimi kwa mdomo wangu, na yeye atasikiliza. Mteja alikuwa dereva wa magogo. Tangu siku hiyo sijawahi kufunga betri bila kuisoma kwa sauti, na mke wangu alizoea kunisikia nikisema "chanya, chanya" peke yangu kama mtu wa uradi.

Sasa hiyo amplifaya.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nami nimeshafungua kibanda changu Lindi, watu wamehama kwenye mashamba yao ya zamani kuja kukaa pamoja kando ya barabara. Mbele ya Kitomanga palikuwa na kijiji kimoja kipya chenye bendi yake. Kijiji kilikuwa na shamba la pamoja, na mavuno ya korosho ya shamba hilo ndiyo yaliyonunua gita, maikrofoni moja, na amplifaya ya transista iliyotumia betri ya gari. Betri yenyewe walikuwa wanaiazima kwenye trekta. Siku ya dansi trekta halilimi.

Mpiga gita aliitwa Issa. Kijana mwembamba, mpole, mwenye vidole virefu visivyokuwa na kazi nyingine ya kueleweka. Ndiye aliyeniletea ile amplifaya Lindi kwa mara ya kwanza, juu ya lori la magunia, ameikumbatia njia nzima.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Inaumwa nini?"

"Inapiga vizuri mwanzo. Ikifika wimbo wa tatu au wa nne inaanza kukwaruza, halafu kimya. Tukiiacha ikapoa, tukazungusha vitufe, inarudi. Kisha inakata tena."

Kila fundi anayesikia maneno hayo anafikiria jambo moja: joto. Transista za kutoa sauti zimepata moto na zimekata tamaa. Nikatoa shasi ndani ya sanduku, nikaiweka mezani, nikaifunga kwenye spika yangu. Ndani ilikuwa safi, isipokuwa kwenye volyumu, ile unayoizungusha kuongeza sauti, palikuwa na uchafu wa kahawia unaonata. Nikadhani ni soda iliyomwagika, maana nimeona soda kwenye amplifaya nyingi kuliko nilizoziona mezani pa harusi. Nikaosha kwa spiriti, nikawasha. Ilipiga tangu asubuhi mpaka adhuhuri, transista zina uvuguvugu wa kawaida, hakuna kukwaruza. Nikairudisha kwenye sanduku, nikamkabidhi Issa.

Baada ya majuma machache akarudi, amekonda zaidi.

"Fundi, imekata tena. Mbele ya watu."

Nikaitoa, nikaiweka mezani, ikapiga bila tatizo. Uchafu ule ulikuwepo tena kwenye volyumu. Nikauliza kama kuna mtu anaweka vinywaji juu ya sanduku. Issa akasema hakuna, yeye mwenyewe anailinda kama yai. Halafu akaniambia jambo lililomleta hasa.

"Kamati ya kijiji inasema naiharibu mimi. Bendi moja ya mjini iliwahi kuniita, nikakataa, lakini maneno yalishatoka. Wanasema nataka hii ife ili nipate sababu ya kuondoka. Mwenyekiti amesema siku ya kufungua ghala wageni watakuja kutoka wilayani. Ikikata siku hiyo, ananitoa kwenye bendi na jambo langu linakwenda polisi kama hujuma."

Nyinyi neno hujuma mnalisikia kwenye mpira. Wakati ule, mtu aliyesemwa amehujumu mali ya kijiji hakuwa na wa kukaa naye barazani, achilia mbali polisi. Issa alisema yote hayo bila kupandisha sauti, akikwaruza rangi ya meza yangu kwa ukucha. Nilimwonea huruma, na nilikasirika pia, maana chombo kinachopona kila kinapomwona fundi kinamfanya fundi aonekane mwongo.

Nikamwambia aniachie. Nikaisafisha tena, nikapitisha salamu za wasikilizaji kila mahali, nikabadilisha kapasita mbili ambazo hazikuwa na kosa. Hiyo ndiyo dalili ya fundi aliyepotea njia, anabadilisha vitu vizima.

Usiku vidole vikaanza kuniwasha. Asubuhi ngozi ya ncha za vidole imekuwa nyeusi, imetoka malengelenge. Mara ya kwanza pia nilikuwa nimepata hivyo, kidogo, nikasingizia maji ya betri. Mke wangu aliniwekea chai, akaushika mkono wangu, akaugeuza.

"Baba Zuhura, umebangua korosho mbichi wapi?"

"Sijabangua korosho. Ni maji ya betri haya."

"Maji ya betri yanatoboa shati. Shati lako zima." Akaunusa mkono wangu kama Selemani alivyokuwa akinusa redio. "Hii ni korosho. Mimi nimezaliwa Rutamba, usinifundishe."

Mnajua ganda la korosho lina mafuta. Ukilibana yanaruka, yakikugusa ngozi inababuka. Watu wa Lindi tunayajua kwa vidole. Nikaacha chai, nikalifuata lile sanduku tupu lililokuwa kwenye kona ya kibanda, nikaingiza kichwa ndani. Mbao zote za ndani zilikuwa zimepakwa kitu cha kahawia kilichokauka juu juu. Mara zote mbili nilikuwa nimeitoa shasi na kulitupa sanduku kando, kwa sababu kwangu sanduku lilikuwa kazi ya seremala. Kwa hiyo mezani kwangu chombo kilikuwa mbali na ugonjwa wake, ndiyo maana kilipona.

Nilikuwa nimeshajua kiasi, lakini sikuwa na uhakika, na Selemani alinifundisha kwamba ukitaka kumjua mgonjwa, mwangalie akiwa anaumwa, pale anapoumwa. Nikarudisha shasi kwenye sanduku bila kusafisha mbao, na Issa alipokuja kuichukua nikapanda naye lori mpaka kijijini.

Tulifika wakati watu wanarudi mashambani. Mwenyekiti, mtu mnene mwenye sauti ya kuzoea mikutano, akasema jaribio lifanyike hadharani mbele ya ghala, wanakamati wote waone. Sikupinga. Trekta likasogezwa, nikasema "chanya, chanya", watoto wakacheka, Issa akaanza kupiga.

Alipiga vizuri yule kijana. Nasema hivyo ingawa sikwenda kusikiliza muziki. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili, mwenyekiti akaanza kutikisa kichwa kwa mdundo kisha akajikumbuka. Katikati ya wimbo uliofuata ikaanza kukwaruza, ikakwaruza tena, kimya.

"Mmeona?" mwenyekiti akasema.

"Asiguse mtu kitufe," nikasema. Nikafungua mgongo wa sanduku palepale, ikiwa bado ina moto. Nikamulika kwa tochi. Lile bati nene la kupoozea transista lilikuwa chini kidogo ya mbao ya juu, na kwa joto lake mafuta yalikuwa yamelainika. Tone la kahawia lilikuwa linaning'inia kwenye mbao. Likaanguka wakati naliangalia, likatua juu ya volyumu, likaingia ndani. Mafuta yale hayapitishi umeme. Yakiingia chini ya kile kidole cha bati kinachozunguka ndani ya volyumu, sauti inakatika njiani. Ukizungusha kitufe, kidole kinayasukuma pembeni, sauti inarudi, mpaka tone jingine.

Nilifurahi kama mtu aliyempata mbuzi wake. Nikamwita mwenyekiti aone, nikaeleza mambo ya joto na tone na volyumu kwa sauti ya kusikika. Nilidhani nimemwokoa Issa.

Mwenyekiti alichungulia, akanusa, akasimama wima.

"Ndugu wanakijiji, mmesikia maneno ya fundi. Ni mafuta ya korosho. Mafuta hayana miguu ya kujipandia humo. Mtu ameyatia. Na chombo hiki kinalala kwa nani?"

Watu wakanong'ona. Chombo kilikuwa kinalala nyumbani kwa Issa, yaani nyumbani kwa baba yake, maana ghala lilikuwa halijaisha na hiyo ndiyo nyumba iliyokuwa na bati. Nikaona nilivyofanya. Nilikuwa nimeleta kutoka Lindi, kwa lori, ushahidi ambao kamati ilikuwa inautafuta.

"Mimi sijui," Issa akasema. "Wallahi sijui."

"Yamejitia?"

Kutafuta kosa kwenye chombo nilifundishwa. Nani amelitia, hilo halikuwemo. Wawili katika kamati walikuwa wameshaanza kumsogelea Issa aliposimama mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, mbali na ghala, ameupa muziki mgongo. Alikuwa baba yake Issa, Mzee Nalicho.

Huyu nilikuwa nimesimuliwa njiani. Aliacha mikorosho yake kule walikotoka, yote, mizee na michanga, akaja kijijini akaanza upya. Alimtegemea Issa, na Issa akachagua gita. Tangu hapo mzee hakulitaja gita kwa jina. Amplifaya aliiita jeneza. "Toa jeneza lako mlangoni nipite." Kijiji kizima kilijua kwamba dansi likianza Mzee Nalicho anajifungia ndani.

Alitembea mpaka mbele, akainua mikono yote miwili, viganja kwetu. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi, zimebabuka, kama zangu.

"Mimi ndiye niliyelipaka," akasema.

Mwenyekiti hakuelewa. "Ulilipaka kwa nini, mzee wangu? Ili life?"

"Life? Mchwa wameshakula milango yangu miwili tangu tuhamie hapa. Kule kwetu nguzo zote nilipaka mafuta ya korosho, hazikuguswa. Nikaona wameanza kupanda kwenye mguu wa hilo sanduku. Nikaupaka mguu, na ndani pia. Yakikauka mguuni wataingia ndani. Kila nikiona yamekauka, naongeza."

"Lakini wewe si ndiye uliyesema hutaki hata kulisikia?"

"Kulisikia sitaki," Mzee Nalicho akasema. "Kuliwa na mchwa ndiyo nimekataa."

Mtu mmoja akacheka, halafu wengi wakacheka, mwenyekiti naye, kwa aibu kidogo. Issa hakucheka. Alikuwa anaiangalia mikono ya baba yake. Mafuta yale yanauma, nawaambia mimi niliyeyagusa kidogo tu, na mzee alikuwa ameyapaka kwa vidole vitupu, mara kwa mara, Issa akiwa hayupo, kisha anakaa mezani kula kwa mkono uleule bila kusema chochote. Roho iliniuma, sifichi, na mimi si mtu wa kuumwa roho kazini.

"Hakuna hujuma hapa," mwenyekiti akasema mwishowe. "Kuna mchwa. Fundi, inatengenezeka?"

Ilitengenezeka. Nilikwangua mbao, nikaosha volyumu, nikakata debe la mafuta ya kula na kulikunjua, nikalipigilia chini ya mbao ya juu ili hata likitoka tone lisifike kwenye volyumu. Kumbukeni hilo debe. Mara nyingi tiba ya chombo ni kukitenganisha na kitu kinachokipenda vibaya.

"Na mchwa?" Mzee Nalicho aliniuliza nilipokuwa nafunga skrubu. Alikuwa amechuchumaa kando yangu, anaangalia transista kwa macho makali. "Umeondoa dawa yangu. Mchwa tutawafanyaje?"

Nikamwambia sanduku liwekwe kwenye stuli, na kila mguu wa stuli usimame ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya trekta. Alifikiri. Akasema stuli atachonga mwenyewe, mimi sijui mbao. Hakukosea.

Siku ya kufungua ghala nilialikwa. Wageni wa wilayani walikuja, hotuba zilikuwa ndefu, na alasiri bendi ikapanda. Amplifaya ilikuwa juu ya stuli imara kuliko kiti cha mwenyekiti, miguu ndani ya makopo. Ilipiga bila kukata. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na bisibisi mfukoni kama mkunga, sikuwa na kazi.

Walipofika katikati nikamwona Mzee Nalicho anakuja kutoka upande wa nyumbani kwake. Watu wakampisha. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye stuli, akainama, akachungulia kopo la kwanza, akachungulia la pili. Issa akapunguza kupiga, akainama naye.

"Baba, hakuna mchwa. Nimeangalia mwenyewe asubuhi."

Mzee akakaa chini, pale pale, kando ya spika, akakunja miguu.

"Bado sijamaliza kuangalia," akasema. "Wewe piga."